Fundi wa Taa za Nyuma

Fundi wetu wa umeme wa magari hakujua kuendesha gari. Naanza na hilo kwa sababu watu wakilisikia wanasema natia chumvi, na kweli mimi ni mtu wa kutia chumvi. Mwalimu wangu wa shule ya jioni aliniambia kwamba chumvi iliyomo katika dissertation zangu, yaani insha, ingetosha kukausha samaki wote wa Ziwa Albert. Lakini hili halina chumvi hata punje. Zaidi ya miaka thelathini alifunga waya ndani ya magari ya watu, akaketi kwenye viti vya mashofere mara elfu mia, na hakuna siku aliyolitembeza gari hata hatua tatu. Likihitaji kusogea, alishuka na kutuita tulisukume. Jioni alirudi kwake Mudzipela kwa mguu, mikono nyuma, akitazama kila gari lililompita mpaka lipotee.

Tulimwita Fundi tu. Kwenye avenue yetu hapa Bunia mafundi walikuwa wengi, wa injini, wa matairi, wa viti, lakini ukisema Fundi bila kuongeza kitu, hata kuku walijua unamtafuta yule mwenye koti la buluu lililotobolewa na asidi ya batri likawa kama chandarua. Mimi nilikuwa na kabini ya kuchaji simu na kuuza mega za intaneti, ukuta mmoja na garaje yake. Miaka saba nilisikia kila neno lililotoka mdomoni mwake, na mengi yalielekezwa kwa vis, yaani skrubu, zenye kutu.

Maana Fundi alikuwa mtu wa kanisa, mwenye sauti nzito katika korali, lakini vis ikikataa kufunguka aliitukana kwa Kiswahili, kwa Lingala na kwa lugha ya mama yake, kisha akanyamaza, akasema polepole, “Bwana, unisamehe, lakini umeiona mwenyewe.” Alikula haraka kama mtu anayefukuzwa, na alifanya kazi polepole kama mtu anayelipwa kwa siku, ingawa hakulipwa kwa siku. Hakujua kusoma. Hata hivyo alikuwa na karatasi za michoro ya umeme wa magari, amezikunja katika mfuko wa plastiki, na alizishika kwa heshima kama cheti cha ubatizo.

Waya aliziamini kidogo sana. “Rangi ya waya ni ya kuuzishia,” alisema. Kila waya aliijaribu moja moja, kwa kuigusisha kwenye batri au kwa lampi yake ndogo ya kupimia, hata kama waya ile aliifunga mwenyewe wiki iliyopita.

Siku hizi ni majira ya led. Wafanyabiashara wakirudi kutoka Kampala wanaleta taa za nyuma zilizofungwa kwa karatasi laini kama keki ya arusi, nyekundu, zenye mistari inayokimbia. Fundi aliziita taa za dancing. Alisema gari likizivaa linafanana na mtu aliyekwenda kulima na viatu vya arusi. Na bado hakuna aliyezifunga kama yeye. Wengine walifunga led, na klinyotan, zile taa za kukatia kona, zikaanza kupiga haraka haraka kama moyo wa mwizi, kwa sababu led inakunywa umeme kidogo na gari linafikiri ampuli, yaani balbu, imekufa. Fundi aliongeza kile kidude cha kula umeme unaobaki, akakifunga kwenye chuma, si kwenye plastiki kamwe, kwa sababu kinapata moto wa kukaanga yai. Nilijaribu yai siku moja. Sitasema lilivyoishia.

Lakini kilichomtenga na mafundi wote wa Ituri, na pengine wa dunia, ni jinsi alivyomaliza kazi. Aliyekaa kwenye usukani hawezi kuona taa zake za nyuma. Kwa hiyo kwa Fundi kazi haikuisha mpaka mtu asimame nyuma ya gari, avue kofia, akinge jua juu ya kioo cha taa, na ajibu maswali. Fundi yuko ndani, mguu juu ya freni, anapaza sauti:

“Position?”

Ikiwaka taa hafifu ya usiku, unajibu: “Ndogo!”

“Freni?”

Ikiwaka ile kali: “Kubwa!”

“Klinyotan ya kushoto?”

“Inacheza!”

Bila majibu hayo gari halikutoka. Siku moja alikuja bwana mwenye jeep na miwani nyeusi, tumbo lake lilifika dakika mbili kabla yake. Fundi akamwomba asimame nyuma.

“Miye?” bwana akauliza. “Nisimame nyuma ya gari yangu sawa mulinzi?”

“Simama, Papa. Hii taa haiko ya weye. Iko ya ule anakufuata.”

“Na kama nikikatala?”

“Basi tutashinda hapa. Kule kunauzishwa ndizi ya kuchoma, ni tamu.”

Bwana akasimama. Akakinga jua kwa kofia yake ya bei, akajibu “ndogo” na “kubwa” kama mtoto wa primaire, na sisi tulicheka mpaka watu wa mji wa Mambasa wakasikia.

Mara nyingi zaidi, mtu wa kusimama nyuma nilikuwa mimi.

Na hapa nitasema mapema, maana kadiri ninavyochekesha ndivyo ninavyochelewa. Mwaka jana nilisimama nyuma ya gari na nikajibu bila kuangalia. Mtu mmoja alivunjika mguu. Fundi aliacha kazi yake akiamini kwamba macho yake yamekufa. Mimi nilijua kwamba macho yake ni mazima. Miezi kumi na moja nilijua, nikanyamaza.

Sharti niseme pia alinifanyia nini. Nilikuwa nimeanguka mara mbili kwenye examen d'État, mtihani wa kumaliza sekondari, na nilikuwa na ndevu. Watu walinishauri niache. Fundi alinitania kuliko wote.

“Bado unasoma? Mwalimu wako si ni mudogo wako?”

“Ni mudogo wangu, Papa Fundi, lakini anajua mingi.”

“Basi umusalimie. Na umwambie aharakishe, usikuye kupata diplome na pension siku moja.”

Lakini wiki hiyohiyo alichukua taa ya nyuma iliyopasuka, akaiunga kwenye batri ya pikipiki iliyochoka, akanipa niende nayo nyumbani, kwa kuwa kwetu umeme ulikuwa kama mgeni wa heshima, hauji bila kualikwa mara kumi. Nilisoma jiografia yote ya dunia kwa mwanga mwekundu. Mpaka leo nikifikiri Ulaya naiona nyekundu.

Sasa siku yenyewe. Mama wa makayabu, mfanyabiashara mmoja aliyehamia kwetu kutoka Butembo, alileta pikapu yake na taa mpya za led. Pikapu ile ilinuka samaki wa chumvi hata ikiwa tupu, paka walikuwa wakiifuata kwa maandamano. Alikuwa na haraka.

“Fundi, fanya mbio! Samaki yangu iko inalia.”

“Samaki iliisha kufa, Mama. Haiko tena na mbio.”

Taa zilikuja bila karatasi, na waya zake zote zilikuwa nyeusi. Fundi aligusisha kila moja kwenye batri ili aone inawasha nini. Kwa taa za zamani, hafifu na kali unazitofautisha ukiwa umefumba jicho moja. Led ndani ya jua la saa sita ni kitu kingine, zote zinaonekana kama macho ya panya. Akachagua, akafunga waya kwa kuzisokota tu bila kukaza, akaingia ndani ya gari, akaniita nisimame nyuma. Jibu langu ndilo lingemwambia akaze au abadilishe.

Nilisimama. Na simu yangu ikalia ndani ya mkono.

Ulikuwa ujumbe wa matokeo ya examen. Asiyeanguka mara mbili hawezi kuelewa. Nilisikia “Position?” kutoka mbali, kama mtu anayeitwa kutoka ng'ambo ya mto, na mdomo wangu ukajibu wenyewe, “Ndogo!” Nilikuwa natafuta namba yangu. “Freni?” Macho yalikuwa juu ya neno réussi, umefaulu. “Kubwa!” Nilijibu kama watu wanavyojibu amina. Kofia ilikuwa kichwani. Kioo cha taa sikukitazama hata mara moja.

Kisha nikapiga kelele. Fundi aliruka nje akidhani umeme umenikamata. Nilipomwonyesha simu, yeye asiyejua kusoma, aliitazama muda mrefu kama anayehakikisha, kisha akanikumbatia na asidi yake yote.

“Anapita!” akawaambia barabara nzima. “Muzee yetu anapita!”

Kwetu anayefaulu humwagiwa poda mwili mzima. Poda haikuwapo, mama wa makayabu akanimwagia unga wa fufu aliokuwa amenunua kwa ajili ya nyumba yake. Nilikuwa mweupe kama ukuta wa misheni. Fundi alikaza waya, akazifunga kwa plastiki, huku akicheka na kuniita Diplome, jina ambalo halijanitoka. Pikapu ikaondoka. Kama kuna siku niliyowahi kuwa na furaha kuliko wafalme wote, ni ile.

Wiki tatu mama yule alitembea mchana bila kuwasha taa, na hakuna aliyeona kitu. Siku moja alitoka Marabo jioni, vumbi jingi, akawasha. Waya zilikuwa kinyume: ile kali, ambayo ingepaswa kungoja freni, iliwaka njia nzima. Mbuzi wakakatiza. Akakanyaga freni, na nyuma hakikubadilika kitu, maana taa hafifu ilimezwa ndani ya ile kali. Motari, dereva wa pikipiki, aliyekuwa akimfuata na gunia la makaa akaingia chini ya pikapu. Mguu wake ukavunjika mahali pawili. Alipoulizwa hospitalini, alisema neno moja ambalo Fundi alilirudia kwangu mara nyingi kuliko nilivyoweza kuvumilia: “Nyekundu ilikuwa paka ile ile,” yaani ile ile tu.

Fundi alikwenda kuitazama pikapu. Alifungua plastiki, akaona, akageuza waya, akafunga tena. Hakuniuliza kitu. Hilo ndilo lililonimaliza. Kwake hesabu ilikuwa rahisi: Diplome alisimama nyuma, Diplome alijibu sawa, basi zilikuwa sawa wakati wa kujaribu. Ni yeye aliyezichanganya alipokuwa akikaza, waya mbili nyeusi, macho ya mzee.

“Ni macho, Diplome,” alisema. “Weye uliona vizuri. Miye nikaharibu nyuma yako, saa ya kukaza.”

Nilifungua mdomo. Wallahi niliufungua. Kukatoka mzaha, sikumbuki hata upi, na yeye akatabasamu kwa heshima.

Tangu hapo hakugusa taa. Alienda kwa daktari wa macho, akaambiwa kwa umri wake anaona vizuri sana. Alirudi akasema, “Ule dokta iko na adabu mingi.” Alianza kujijaribu mwenyewe. Aliokota vipande vya waya chini, akavishika juu ya mwanga, akaniuliza, “Hii ni ya kijani ao ya buluu?” Alisema kijani, ilikuwa kijani, nikamwambia ni kijani, naye akafikiri namhurumia. Mafundi vijana wa jirani walisema macho ya muzee yamekufa, na waliosema hivyo niliwakatia charge ya simu zao katikati. Huo ndio ulikuwa ushujaa wangu wote.

Mwishowe aliondoa garaje yake kwenye avenue yetu na kubaki kwake Mudzipela akichaji batri. Batri haihitaji macho, inahitaji subira. Na kila Dimanche baada ya misa alipita kwa yule motari na mkungu wa ndizi. Motari alimpokea vizuri, na hilo pia lilimtesa.

Mimi niliendelea kuchekesha watu. Nilisimulia siku ya matokeo yangu mahali pote, unga wa fufu, kelele, paka wa makayabu. Kila mara niliongeza kitu: unga ulikuwa kilo moja, halafu tano, halafu gunia. Sehemu niliyopunguza ilikuwa moja tu, na ilikuwa ndogo, sekunde mbili za kuinua macho.

Mwezi uliopita Fundi alinitumia ujumbe niende kwake. Nilimkuta barazani, mvua inanyemelea, batri sita mbele yake zikichemka polepole. Miguuni palikuwa na sanduku lake la vyombo, lile la chuma.

“Kamata,” akasema.

“Nipeleke wapi, Papa?”

“Kwako. Ni yako. Pensi ya kukatia waya iko ndani, lampi ya kupimia iko ndani, na zile karatasi. Weye unajua kusoma.”

“Papa Fundi, miye ni mutu ya kuchaji simu.”

“Utajifunza. Nimefikiri sana. Kazi hii haitake mukono. Mukono iko kila pahali. Inataka mutu ule akisema ‘kubwa,’ ni kubwa. Nimetafuta mutu ya namna ile Bunia nzima, nimeona paka weye.”

Nilishika mpini wa sanduku, kwa sababu mwili una adabu yake, mzee akikupa kitu unapokea. Lilikuwa zito. Sitasema zito kama nini. Lilikuwa zito.

Nikaliweka chini.

“Sikuangalia,” nikasema.

“Nini?”

“Siku ya makayabu. Uliuliza position, uliuliza freni, miye nikajibu. Nilikuwa nasoma simu. Sikuangalia taa, Papa. Hukuchanganya waya. Zilikuwa kinyume tangu mwanzo.”

Batri zilichemka.

“Sema tena.”

Nikasema tena.

“Ulijibu kubwa.”

“Nilijibu.”

“Na uliona nini?”

“Sikuona kitu.”

Aliniuliza mara ya tatu, kwa maneno yaleyale, kama anavyoigusa waya asiyoiamini. Kisha akainua mkono wake wa kulia, akautazama mbele na nyuma. Akatazama ng'ambo ya barabara, ambapo mtu alikuwa ameanika nguo. Alizitaja kwa sauti ndogo, moja moja: “Kijani. Buluu. Nyekundu. Nyekundu ingine, imechakaa.”

“Dokta alisema kweli,” akasema.

“Alisema kweli, Papa.”

“Ungeniambia siku ya kwanza, ningekupiga. Ya pili ningecheka.” Akavuta sanduku kwa mguu likarudi chini yake. “Miezi hii yote nilikuwa naosha uso na naogopa kufungua macho. Unajua ile? Asubui, unaogopa kufungua macho.”

Sikuwa na mzaha. Nilitafuta, na haukuwapo.

“Motari anajua?”

“Apana.”

“Unangoja nini kwangu? Enda.”

Nilienda, mvua ikinipiga, kwake ni nyumba nane tu lakini nilitembea kama naenda Kisangani. Motari alikuwa akinyoosha mguu wake juu ya gunia. Nilimwambia nikiwa bado mlangoni, nisije nikapata muda wa kuyapamba maneno. Alinitazama, kisha akamtazama mke wake.

“Basi zile ndizi zote muzee alikuwa analeta,” akasema, “zilikuwa deni ya huyu.”

“Tuzirudishe?” mke akauliza. “Tuliisha kuzikula.”

“Hatuzirudishe. Atakuwa analeta yeye.” Akanigeukia, na hakuwa anacheka. “Na usilete ndizi pekee. Ulete na miguu yako. Kila Dimanche unanitembeza mpaka barabarani na kunirudisha, mpaka siku nitatembea peke yangu. Kama ni miaka, ni miaka.”

Kesho yake nilirudi kwa Fundi kumwambia nimesema. Alisikiliza mpaka mwisho.

“Vizuri,” akasema. “Lakini miye sikusamehe.”

“Ndiyo, Papa.”

“Nasema leo. Leo ni apana. Kuya kesho uulize tena.”

Nilidhani ni maneno ya hasira. Siku ya pili nilienda, akasema, “Apana,” akaendelea na batri zake. Siku ya tatu, “Apana.” Siku ya nne sikwenda, nikapata ujumbe wa mtoto wa jirani: Fundi anauliza kama umekufa. Nikaenda. “Apana.”

Siku ya tisa nilikuta gari dogo la mwalimu mmoja limeegeshwa mbele ya nyumba, taa zake za nyuma za zamani ziko chini juu ya mkeka, na Fundi amelala chali ndani ya boot akitukana vis. Mke wake, mama ambaye sikuwahi kumsikia akipaza sauti, alikuwa amesimama nyuma ya gari, kitenge amekikunja juu ya kioo cha taa mpya kukinga jua, akingoja kuulizwa, uso ameukaza kama askari. Sikuthubutu hata kukohoa. Alipomaliza, Fundi alitoka, akajipangusa, akaniona.

“Ulikuya kuuliza?”

“Nilikuya kuuliza, Papa.”

“Apana.”

Nimekwenda kila siku tangu hapo, na ninaandika haya nikitoka kwake. Leo pia ilikuwa apana. Lakini alipokwisha kulitamka aliingia ndani, akatoka na kiti, akakiweka barazani karibu na chake, akaendelea na kazi yake bila kunitazama. Nilikaa mpaka jioni.